Mtoto asisubiri jino liume

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la meno ya watoto kuoza jijini Dar es Salaam. Wengi hufikishwa kliniki jino likiwa limeshauma. Hukutana na ganzi na kung'olewa, na hofu huanzia hapo. Kumtishia mtoto sindano nyumbani ni kuiongeza. Apelekwe kabla ya kutimiza mwaka, ahesabiwe meno tu na kukizoea kiti cha daktari wa meno.

Mzazi ampigishe mswaki mwenyewe mpaka miaka 7 hivi, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze: kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, kisha ya njegere. Ateme, asisukutue. Ubuyu wa sukari aule wakati wa mlo, si kuumung'unya kutwa. Manispaa zipeleke madaktari wa meno shule za awali, wawapake watoto vanishi ya floraidi, dawa ya kukinga inayopakwa juu ya meno.

Mdau wa afya ya kinywa,
Dar es Salaam