m si embe, walimu wetu

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita binti ya dada yangu, yuko gredi 7 hapa Kisumu, alikuja kwangu Kondele na homuwaki ya hesabu. Swali lenyewe si gumu: maembe 4 na chungwa moja la shilingi 10, jumla shilingi 90, embe moja ni pesa ngapi? Akaandika 4m + 10, chini yake akaandika 14m, akakwama hapo anatafuna kalamu. Nikamuuliza hii m ni nini, akanijibu bila kusita, "Anti, si m ni embe."

Sasa hapo ndipo shida iko, na sio yake, ni vile wamefundishwa. Wanaambiwa m ni maembe, n ni ndizi, kwa hivyo 3n ni ndizi tatu, mtoto anafurahi kwa sababu anaona ameshika, kumbe siku swali likigeuka kidogo anazama. Kama m ni embe, hebu niambieni, maembe manne ukiyaongezea shilingi 10 yanakuwaje shilingi 90? m ni bei ya embe moja. Ni nambari, tena mwenye kuuza anaijua, ni sisi tu hatujaambiwa. Na ile 10 huwezi kuiunga na 4m ukapata 14m, maana bei nne ambazo bado hujazijua haziwezi kuungana na shilingi 10 zikawa bei kumi na nne.

Nilimpeleka soko la Kibuye kwa mama yangu, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Akitoka kidogo huachia jirani kibanda, na akirudi huwa hamsumbui kumuuliza ameuza gorogoro ngapi, yaani makopo ya kupimia, anahesabu tu pesa kwenye mkebe. Siku hiyo zilikuwa 2,050. Akatoa 250 alizoacha za chenji, zikabaki 1,800, gorogoro moja ni 300, basi zimeenda 6. Hajaandika x popote lakini hiyo ni 300x + 250 = 2,050 yenyewe, x ikiwa idadi ya gorogoro zilizouzwa, na ile "hamisha upande wa pili ubadilishe alama" wanayokaririshwa darasani ni mama kutoa chenji yake kwanza kabla ya kugawanya. Mtoto alitazama mkebe, akatazama daftari, akachukua raba akafuta 14m.

Walimu naomba msiharakishe herufi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karibu mwaka 820 ndicho kilichotupa hili neno aljebra, aliandika yote kwa maneno, hana x hata moja. Descartes, Mfaransa, ndiye alikuja kutumia x, y na z kwa vitu visivyojulikana kwenye kitabu cha 1637, yaani karibu miaka 800 baadaye. Kwa hivyo wiki mbili za kusema "bei ya embe moja" na "idadi ya gorogoro zilizouzwa" kwa maneno kamili hazitachelewesha mtu, na mkifika kwa herufi tafadhali msichague herufi ya kwanza ya jina la tunda.

Tukiwa kwa matatu tukirudi akaniuliza, "Anti, kwani kesho akiuza tisa, x inakuwa tisa?" Nikamwambia ndiyo, na mkebe utakuwa na ngapi? Akafikiria mpaka tukakaribia steji, akasema 2,950.

Mzazi,
Kondele, Kisumu