Mwanangu, ikague mikono yako

Mwanangu mpendwa,

Tangu uniambie daktari amekuta kifuko cha maji ndani ya uti wa mgongo, na kwamba safari yako iko palepale, silali. Sikuzuii. Kazi umeipata kwa jasho lako, nami najivunia. Ila mikono, mwanangu.

Nimemdadisi daktari mpaka nikaelewa. Kifuko hicho, wanachokiita siringomielia, si saratani. Sehemu ya chini ya ubongo imeshukia kwenye tundu la fuvu, wenyewe wanaiita Chiari, ikabana njia ya maji yanayozunguka ubongo na uti. Maji yakajikusanya katikati ya uti. Ndiyo maana ukikohoa kisogo kinakuuma. Mishipa ya fahamu ya joto na maumivu hukatiza hapohapo katikati, kwa hiyo huumia mapema: mkono unahisi kitambaa lakini hauhisi moto. Lile lengelenge la pasi, aliloliona dada yako kabla yako, tuliliita uzembe. Haukuwa uzembe.

Basi usiviamini vidole. Maji ya kuoga yapime kwa kipimajoto, fungulia ya baridi kwanza. Kila jioni kagua viganja kwenye mwanga, kwa sababu jeraha lisilouma huoza bila mwenyewe kujua.

Umesema watakufuatilia kwa MRI, zile picha za ndani ya mwili, bila kupasua. Sawa, kifuko kisipokua na dalili zisipozidi, wapo wanaokaa hivyo miaka mingi. Lakini kufuatiliwa ni kwenda, na wewe ukijisikia vizuri tu, hospitali huijui tena! Upasuaji ukihitajika, hupanua nafasi pale nyuma ya fuvu ili maji yapite. Kazi yake kubwa ni kuzuia ubaya usiendelee. Ganzi iliyokwisha kuingia huenda isitoke. Vidole vikianza kuangusha vitu au miguu ikikakamaa, usingoje tarehe ya miadi. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, nenda siku hiyohiyo.

Sanduku abebe kaka yako, wewe usinyanyue kitu kizito. Usijikamue chooni pia. Usinune, ni mama yako anayesema.

Glavu za jikoni nimezitia mfuko wa pembeni, uzivae hata kwa sufuria ndogo. Picha za MRI ziko kwenye bahasha ngumu, mpe daktari wa huko alinganishe na mpya. Shuka nimelishona pindo. Baba yako anauliza ufunguo wa stoo umeuweka wapi, maana ngazi imo humo na paa linavuja.

Mama yako