Republican hawana kauli moja kuhusu utoaji mimba

Mhariri,

Wapo watu hapa Nairobi wanaodai kwamba chama cha Republican cha Marekani kina msimamo mmoja kuhusu utoaji mimba, dai ambalo halina msingi. Juni 2022, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipobatilisha uamuzi wa 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba, lengo lililowaunganisha wanachama lilitimia, na tofauti zao zikaanza kujitokeza. Agosti, wapigakura wa Kansas, jimbo la kihafidhina, walikataa kwa takriban asilimia 59 kuondoa ulinzi huo katika katiba yao. Septemba, Seneta Lindsey Graham wa chama hicho aliwasilisha mswada wa kupiga marufuku utoaji mimba nchini kote baada ya wiki 15, lakini Mitch McConnell, kiongozi wao katika Seneti wakati huo, akasema wengi wao wangependa majimbo yajiamulie. Ilani ya chama ya 2024 nayo iliacha wito wa marufuku ya kitaifa (jambo lisilo dogo kwa chama hicho), na Mike Pence, aliyekuwa Makamu wa Rais kupitia chama hicho, akailaumu hadharani.

Kwa hiyo, anayekitolea mfano chama hicho tunapojadili Kifungu cha 26(4) cha Katiba yetu, kinachoruhusu utoaji mimba iwapo uhai au afya ya mama imo hatarini, atueleze kwanza anamfuata nani: Graham, McConnell au Pence?

Msomaji,
Nairobi