Opera ya Strauss si kilio kitupu

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika kwamba opera za Kijerumani ni vilio visivyokwisha. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasafisha ofisi Vienna. Jioni nikipata nafasi husimama nyuma kule Staatsoper, jumba la opera la taifa, kwa tiketi ya kusimama, skafu nimeifunga kwenye chuma asije mtu akanichukulia mahali pangu. Ariadne auf Naxos, opera ya Richard Strauss, nimeiona mara tatu.

Tajiri kaandaa karamu: opera ya majonzi, kisha vichekesho, kisha fataki saa tatu kamili. Muda unabana, basi anaamuru vyote viwili vichezwe kwa pamoja! Amri inaletwa na msimamizi wa nyumba, ambaye haimbi hata neno; anaongea tu, pua juu. Mwenye pesa si mwenzio. Mtunzi kijana wa ile opera ya majonzi (huimbwa na mwanamke) karibu azimie. Mie nilicheka, nikakumbuka harusi za kwetu, mwenye shughuli anavyowakatiza wanataarabu katikati ya wimbo.

Kisha opera yenyewe inaanza: Ariadne, aliyetelekezwa kisiwani na mpenzi wake, anangoja kifo pangoni, na Zerbinetta, yule mchekeshaji, anamwimbia zaidi ya dakika kumi kwamba akienda huyu, mwingine yu njiani. Hapo ukumbi hulipuka kwa makofi.

Toleo la kwanza, Stuttgart 1912, lilikuwa refu mno. Hili la sasa lilitoka hapa Vienna mwaka 1916. Okestra ni ya watu 37 hivi, maneno yanasikika.

Lalamiko langu ni moja: waongozaji wanaomfanya Zerbinetta kikaragosi. Yule naye kaachwa mara nyingi, ila hakukaa pangoni.

Msomaji wenu,
Vienna, Austria