Gemu haijui mtoto akichakachua

Mhariri, salaam. Nimesoma ile habari yenu ya kituo kilicholetewa miwani ya VR, yaani ya kuingia kwenye dunia ya kubuni ya kompyuta, na chumba chenye mataa ya rangi kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo, mkaandika kwamba sasa watoto watapona na kutembea. Mimi ni fundi simu hapa Tanga na pia ni baba wa mtoto mwenye CP, yaani huo mtindio wa ubongo, kwa hiyo jambo lenyewe linanigusa kotekote, naomba nafasi kidogo na mimi niseme.

Jamani hakuna miwani inayoponya mtindio wa ubongo. Ubongo umeshaumia, iwe mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni kabisa. Binti yangu malaria ilimpanda kichwani kabla hajafika miaka miwili, alipopata nafuu mkono na mguu wa kulia vikawa vimekaza. Lile jeraha haliongezeki na wala haliondoki, kinachobadilika ni mtoto anavyojifunza kuutumia mwili alionao, na hapo ndo mazoezi yanapoingia, tena mazoezi ya kurudia kitu kilekile mpaka unachoka wewe mzazi, kitu chenye maana kwake, kushika kijiko, kufungua mfuniko wa chupa, kuvaa ndala. Sasa mtoto gani wa miaka sita anakubali kurudia kitu kimoja asubuhi nzima? Analia, unamhurumia, unaacha. Kwenye hilo gemu inasaidia kweli, sipingi hata kidogo, mtoto anarudia bila kujua kama yuko mazoezini.

Ila watu wasidhani VR ni miwani tu. Tafiti nyingi za watoto hawa kule Ulaya na Marekani zilifanywa na mashine za kawaida za gemu za kwenye TV, Wii ya Nintendo iliyotoka 2006 na Kinect ya Microsoft ya 2010. Hazikutengenezwa kwa ajili ya hospitali, wataalam wa mazoezi ndo walizichukua baadaye. Kinect ni kamera, inausoma mwili wako, ukinyoosha mkono na yule wa kwenye TV ananyoosha, puto linapasuka. Microsoft waliacha kuzitengeneza 2017 lakini kwenye mitumba ya elektroniki zinapatikana, mimi yangu niliitoa humohumo nikaitengeneza nikaifunga nyumbani kwa ajili ya binti yangu.

Na hapo ndo nilipojionea. Siku za kwanza anapasua maputo kama hana akili nzuri, pointi zinapanda, sisi tunapiga makofi. Mama yake ndo alishtuka, akaniambia hebu angalia vizuri baba, mtoto hanyooshi mkono huyo. Kweli bwana, kiwiko kimekunjwa vilevile, anachofanya analala na kiwiliwili kizima mbele mpaka kiganja kinafika kwenye puto, na likija la upande wa pili anatumia mkono wa kushoto usio na tatizo. Anachakachua! Na mashine haijui, inampa pointi zilezile. Nikimshika bega asilale ndo kabisa, kamera inaona miili miwili inachanganyikiwa, yule wa kwenye TV anaanza kutetemeka na kupinda miguu. Mama yake akachukua kanga akaipitisha kifuani kwa mtoto akamfunga na mgongo wa kiti, siyo kumkaba, kiasi tu mwili usiende mbele, na mkono ule wa kushoto tukaupa mdoli aukumbatie. Puto la kwanza akalikosa, la pili akalikosa, akanuna, akasema mashine ya baba mbovu. Halafu kiwiko kikaanza kunyooka, taratiiibu. Yule mtaalam wa tiba kwa vitendo, anayewafundisha watoto kazi za kila siku, tunayemwona klinik tulivyomweleza akacheka, akasema hicho ndo wanachofundishwa chuoni, kuzuia kiwiliwili ili mkono ufanye kazi yake.

Kwa hiyo Mhariri swali langu kwa hicho kituo ni nani anayekaa na mtoto akiwa ndani ya hiyo miwani. Maana ukiwa nje huoni anachokiona mpaka uwe umerusha picha kwenye TV au simu, na kurusha kunataka waifai. Miwani nyingine ina uzito wa nusu kilo, muweke mtoto ambaye shingo yake haijakaza uone, kichwa kinaanguka mbele, miwani inateleza puani, mate yanaingia kwenye sponji. Meta wenyewe, wanaotengeneza miwani ya Quest, zamani walisema chini ya miaka 13 asitumie, 2023 wakashusha mpaka 10, na mkanda wake umekatwa kwa vichwa vya wakubwa. Halafu kuna kifafa, watoto wengi wa CP wanacho, na mwanga wa kuwakawaka unaweza kumwangusha mtoto, onyo hilo limo kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi. Je, kuna mzazi aliyeulizwa kabla ya kuvalishwa mwanae? Kwenye habari yenu sikuona. Na kama fundi niongezee, vitu hivi vinataka akaunti na apdeti, bando linaisha, na betri ikichoka kuifungua ni kazi, wengi wataishia kuambiwa nunua nyingine.

Chumba cha mataa nacho. Vyumba vya namna hiyo vilianzia Uholanzi miaka ya 1970, vilikuwa vya kuwatuliza watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, taa laini, muziki wa chini, vitu vya kupapasa. Mtoto akitulia humo mimi nashukuru, hata mama yake anapumua. Lakini watu wanakichanganya na ile tiba ya hisi ya Jean Ayres wa Marekani, ya kuuzoesha ubongo kupokea mguso na mwendo, ambayo ni kitu kingine kabisa, na yenyewe kwa watoto wa CP haijafanya vizuri. Wataalam wa Australia wakiongozwa na Iona Novak walipitia tiba karibu zote mwaka 2013 wakazipaka rangi za taa za barabarani, hiyo ya Ayres ikaangukia nyekundu, yaani isifanywe. Kijani wakapewa mazoezi yenye lengo maalum, mazoezi ya mikono miwili na programu za nyumbani. Za nyumbani, Mhariri! Yaani mama anayekaa kwenye benchi nje ya kituo akisubiri wafadhili wamalize kupigwa picha ndo alitakiwa aitwe ndani afundishwe.

Huku kwetu mtaalam wa tiba kwa vitendo ni mmoja, akienda likizo tunasubiri arudi. Hospitali ya KCMC Moshi wanawafundisha wataalam wa tiba kwa vitendo, basi hela ya hayo mataa ingeweza kumlipa hata kijana mmoja azunguke majumbani na akina mama.

Naomba mwandishi wenu arudi pale baada ya miezi michache, asipige picha ya mtoto anayecheka na miwani, aulize tu mtoto sasa anafanya nini nyumbani ambacho zamani alikuwa hawezi. Na kama kuna kituo hapa Tanga kinataka kujaribu kwa njia rahisi, dukani ninayo mashine ya gemu ya Xbox 360 nyingine na Kinect yake, ni ile ya zamani inayotaka adapta ya pembeni na adapta ninayo, natoa bure. TV watafute wenyewe, na chumba kiwe na nafasi ya kama mita mbili mbele ya kamera. Kanga waje nayo.

Fundi simu, Tanga