Shukrani kwa fundi wa Ngamiani

Gari langu nililifunga injini ya dizeli yenye turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi), nikaliachia ekzosi yake ya zamani, bomba la moshi jembamba. Kila mlima moshi mweusi, nguvu hakuna. Fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliingia uvunguni kabla ya kutaja bei. Akanionyesha bomba lilivyobonyea kwenye kona: "Kaka, turbo inataka kupumua." Akafunga bomba la inchi 3, kona zake pana, na kipande kinachonyumbulika karibu na turbo ili mtikisiko wa injini usipasue maungio. Usiku, tochi mdomoni, bado anapaka povu la sabuni kutafuta panapovuja! Akapokea hela ya bomba na vijiti vya kuchomelea tu. Juzi nimepanda Mombo hadi Lushoto bila moshi. Kaka, Mungu akuzidishie.