Shokapu nne si dawa ya mzigo mzito

Mhariri,

Huku Molo, Njoro na Kuresoi pikipiki ndiyo lori la mkulima. Alfajiri inabeba mitungi ya maziwa, mchana viazi. Nyingi sasa zimechomelewa shokapu (vifaa vya kupunguza mtikiso) mbili za ziada nyuma, zikawa nne. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini kazi hiyo inaumiza pikipiki na mwenyewe, na kinachofaa kufanywa kabla ya mtu kumwendea mchomeleaji.

Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito, na oili iliyo ndani inaituliza isirukeruke. Kwenye springi kuna pete yenye ngazi, mara nyingi 5, inayozungushwa kwa spana ya kulabu. Wengi wanaamini ngazi ya 5 inaipa springi nguvu zaidi. Sivyo. Springi ni ile ile. Pete inainua tu sehemu ya nyuma iliyozama kwa mzigo, ili ibaki na nafasi ya kushuka ikikutana na shimo.

Usikisie ngazi, pima. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma lisiguse chini. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama kwenye fremu iliyo juu yake. Kisha ishushe, funga mzigo, dereva aketi huku mwenzake akishika usukani, mpime tena. Ikiwa gurudumu linaweza kupanda na kushuka sentimita 10, kuzama (tofauti ya vipimo hivyo viwili) kwa sentimita 3 hadi 3.5 ni sawa. Ikizidi 4, panda ngazi moja upime upya. Pete izungushwe mzigo ukiwa umeshushwa, la sivyo spana itateleza na kula meno yake. Na pande zote mbili ziwe ngazi moja: kushoto 2 na kulia 4 kunapinda mkono wa gurudumu (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na kumaliza bushi zake upande mmoja. Kama kwenye ngazi ya 5 bado inazama nusu ya nafasi hiyo ya gurudumu, springi zimechoka au mzigo umezidi uwezo wa pikipiki. Springi zilizochoka hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.

Oili nayo ikaguliwe. Bonyeza kiti kwa nguvu kisha uachie. Nyuma inapaswa kupanda na kutulia. Ikinesanesa mara mbili tatu, au fimbo ya shokapu ikiwa na unyevu wa oili, sili (mpira unaozuia oili isitoke) imekufa na hakuna ngazi itakayosaidia.

Sasa hizo shokapu nne. Mzigo ukishushwa, springi zilizoongezwa hazishuki, kwa hiyo kila shimo linapigwa na spoki, rimu na mgongo wa dereva. Tairi linaruka juu ya mawe, na tairi lililo hewani halishiki breki. Baya zaidi ni kuchomelea. Joto hubadilisha chuma cha mkono wa gurudumu kando ya weldi, na ufa huanzia hapo hapo, mahali ambapo kiwanda hakikukusudia pabebe uzito.

Mahali pa mzigo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Gunia la viazi la kilo 50 likikaa sentimita 25 nyuma ya ekseli, kwenye pikipiki yenye sentimita 125 kati ya ekseli mbili, linainua kilo 10 kutoka gurudumu la mbele, na la nyuma linabeba 60. Ndiyo sababu usukani unakuwa mwepesi na kuyumba mlimani. Sogeza gunia mbele liegemee kiti. Maziwa yanahitaji uangalifu zaidi: mitungi miwili ya lita 50 inapita kilo 100 hata kabla ya kupima chuma chake, na mtungi wa nusu ni hatari kuliko uliojaa kwa sababu maziwa yanayumba ndani yake pikipiki ikikata kona.

Upepo wa tairi upimwe likiwa baridi, kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki, si kile cha dereva peke yake. Tairi laini hupata joto, na tyubu huchanika kwenye vali.

Cheni iangaliwe mzigo ukiwa juu. Nyuma ikizama, cheni hukaza, na ile iliyokuwa sawa kwenye stendi inaweza kuvuta beringi ya gia mpaka ife. Ikiwa haichezi hata kidogo, ilegeze. Mwisho ni taa: nyuma ikishuka, mwanga unapanda na kumpofusha anayekuja mbele. Ishushe kwa skrubu yake kabla ya giza, na mzigo ukishatoka rudisha taa, upepo na ngazi za shokapu mahali pake.

Mafundi wa pikipiki,
Njoro, Nakuru